Shajara ya "Siku ya Tatu"

Januari, wiki ya pili

Mswada umefikia hatua ambayo sote tunaweza kuusoma mwanzo hadi mwisho bila mtu kutoka nje kupiga simu, kwa hiyo naanza kuweka maendeleo yetu hapa. Kwa wasiotujua, sisi ni kikundi kidogo cha watengenezaji filamu wa Eastlands, Nairobi. Kamera ni yetu, taa ni za kukodi, na mhariri wetu wikendi hapatikani kwa sababu anapiga video za harusi. Filamu itakuwa ya dakika 40 hivi, na kwa sasa inaitwa "Siku ya Tatu". Jina limetoka pale pale unapodhani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yetu inaanza asubuhi ya hiyo siku ya tatu.

Kisa chenyewe ni hiki. Bahati ana miaka 16. Ametoka Goma, mashariki mwa Kongo, baada ya mji kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, akapita Uganda kwa lori, akaingilia Busia, akashushwa soko la Gikomba alfajiri akiwa na ripoti yake ya shule na namba ya simu ya mjomba. Kila akipiga, mteja hapatikani. Anajilaza kwenye marobota ya mitumba. Anayemwona kwanza ni Mama Chapati, anampa chai. Siku ya pili anampa chai na madondo. Siku ya tatu ploti nzima, ule ua wa vyumba vya kupanga, imeshajua, na kikao kinaitishwa: fundi viatu, keateka anayesimamia vyumba, mzee mpiga gitaa, hamali wawili na dada wa M-Pesa.

Hapo ndipo vichekesho vinaanzia. Huku kwetu mtu hasaidii kimyakimya kwa moyo mweupe. Anasaidia akilalamika, akihesabu nani ametoa nini, akimtaja yule ambaye hajatoa. Chama kinaweza kugombana saa mbili juu ya shilingi mia moja, na mwisho wa ugomvi hela inapatikana na mtu anatibiwa. Nimeona filamu nyingi za msaada ambamo wasaidizi ni malaika, na kila mara nimejiuliza mbona hakuna hata mmoja anayeuliza bili ya stima italipwa na nani.

Januari, inaisha

Wiki ya makaratasi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, haijali kama una milioni kumi au una kamera ya mkopo, kibali ni kibali. Mswada umepelekwa Bodi ya Kuainisha Filamu. Upande wa kaunti tunahitaji ruhusa ya barabara, na upande wa soko tunahitaji baraka za wenye vibanda. Hizo za mwisho hazina fomu, zina wazee.

Kuna jambo la polisi. Sare huwezi kuivaa tu kwa sababu una kamera, inataka idhini yake, na mlolongo wake ni mrefu kuliko ratiba yetu. Tumeamua Afande wetu atavaa kiraia. Kusema kweli nimeipenda zaidi hivi, kwa sababu mtu yeyote wa Eastlands anamjua karao wa kiraia kutoka mbali kwa viatu. Fundi viatu sasa amepata kazi ya maana kwenye kisa: yeye ndiye kengele ya ploti. Anainua macho kutoka kwenye soli anayoishona, anatazama miguu inayokuja, anakohoa mara moja.

Afande mwenyewe si mtu mbaya. Ana deni. Kwa Mama Chapati kuna daftari la mistari lenye jina lake, chapati 92 za shilingi 20, yaani 1,840, na daftari hilo ndilo silaha pekee ambayo ploti inayo.

Februari, mwanzo

Tumempata Bahati.

Tulikuwa tumehangaika na vijana wa vikundi vya maigizo, wazuri sana, lakini kila mmoja akiinama kichwa na kulegeza sauti tangu mstari wa kwanza, kana kwamba mkimbizi ni mgonjwa. Rafiki akatuambia twende kanisa moja la Wakongo huko Kasarani Jumapili tusikilize kwaya. Kijana tuliyemchukua hakuwa anaimba. Alikuwa nyuma anawapanga wenzake, anawagombeza kwa ishara za macho, huku anacheka. Ana miaka 17, Nairobi aliletwa mdogo, shuleni ni Sheng, nyumbani na mamake ni Kiswahili cha Goma.

Alisoma mswada palepale kwenye benchi. Swali lake la kwanza: "Huyu mbona haongei? Mimi nikiwa na njaa naongea sana." La pili: "Na mbona hakuna mtu anamcheka na yeye pia hacheki mtu?" Tulikuwa na ubishi wa siku nyingi kikundini kuhusu jambo hilo hilo. Mwongozaji alitaka Bahati awe mkimya ili majirani wapate nafasi ya kuropoka. Mimi nilikuwa nasema mtu anayepitishwa kutoka mkono hadi mkono bila neno lake anageuka kifurushi. Kijana kaumaliza ubishi bila kujua upo. Sasa mistari inayochekesha zaidi ni ya Bahati, na Mama Chapati ndiye anayekaa kimya akitafuta jibu.

Kwa kuwa hajafika miaka 18, mzazi lazima aridhie. Mamake hakutaka kuelezewa, alitaka kusoma. Alikaa na mswada hadi tukadhani amesinzia, kisha akamgeukia mwongozaji: "Papa, huyu mutoto yenu hana mama?"

Bahati alikuwa na mjomba asiyeshika simu, basi. Mama hakutajwa. Yule mama akasema hatii sahihi mpaka mtoto apige simu nyumbani, maana mtoto wa Goma hafiki Nairobi bila kumwambia mamake amefika. Tukarudi kuandika. Onyesho lililotoka humo sasa ndilo moyo wa filamu, na ninaliweka hapa kwa urefu ili nisilisahau likifika kwa mhariri.

Dada wa M-Pesa anamnunulia Bahati dakika za kupiga Kongo. Kibanda kinajaa. Laini inashika, mama yuko upande wa pili, na Bahati anaanza kudanganya: anakaa ghorofa, chumba chake, anasoma shule. Majirani wanatazamana. Mama anataka kumsalimia mwenye nyumba. Kimya. Fundi viatu anafuta mikono kwa aproni, anapokea simu, anakuwa mwenye nyumba, na kwa sababu hajawahi kuwa na nyumba anaanza kulalamika kuhusu wapangaji wasiolipa, huku keateka halisi akimkodolea macho. Mama anataka mwalimu. Mama Chapati anapokea, anakuwa mwalimu mkuu, anasifu hesabu za Bahati, na hapo hadanganyi, kwa sababu ni Bahati aliyejumlisha daftari la madeni na kugundua zile chapati 92. Hamali naye anataka kuwa kasisi, ananyimwa simu. Dakika zinakwisha katikati ya sala ya mama.

Tuliposoma mara ya kwanza mezani, mama mwenye mtoto alicheka mpaka akatoa kitambaa. Halafu akatia sahihi.

Februari, wiki ya pili

Sheria tumeiweka ndani ya kisa badala ya kuieleza. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inampa aliye nchini bila kibali faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwenye kikao, fundi viatu anaisoma kwa simu kwa sauti ya habari za saa moja, halafu anamgeukia Mama Chapati: "Hizo ni chapati 25,000." Mama Chapati anafikiri kidogo, anauliza kama ni pamoja na unga.

Upande wa pili kuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021, inayomtaka anayeomba hifadhi ajitokeze kwa maafisa ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Hiyo ndiyo saa yetu ya ukutani. Ploti inabishana, siku zinakatika: apelekwe Mombasa kwa shangazi? Treni ya SGR inataka namba ya kitambulisho ukikata tiketi. Aende kwa basi? Vizuizi vya barabarani. Afichwe? Nani atamficha, na chumba cha nani? Pasipoti hana, ingawa fundi viatu anakumbusha kila mtu kwamba Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, "kwa hivyo huyu ni ndugu yetu kabisa, na kama ni ndugu yetu basi alipe kodi ya chumba."

Kumbe ofisi inayosajili wanaoomba hifadhi iko Shauri Moyo. Kutoka Gikomba hadi Shauri Moyo hata nauli ya matatu huhitaji. Siku 26 za hofu, na mahali penyewe panafikika kwa miguu kabla chai haijapoa. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000, wengi wao Dadaab na Kakuma, na mtu wa Nairobi akisikia neno mkimbizi anafikiria mahema ya mbali. Kwamba foleni yenyewe iko nyuma ya soko analonunulia suti ya mtumba hajawahi kuwaza. Wanaoogopwa hapa si maaskari peke yao. Mtu wa kawaida anaogopa meza, muhuri, na kuambiwa rudi kesho.

Bado Februari: chukudu

Hii ndiyo siku niliyofurahia kuliko zote.

Ukitaja Goma kwa mtu wa Goma, haipiti muda hajakutajia chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba mkaa, viazi na maji. Mjini kwao wameiwekea hadi sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Tuliandika kwamba Bahati, akipewa jembe lake la siku ya tatu, anaambiwa abebe mizigo na hamali, anautazama mkokoteni, anauona mzito na mjinga, anaomba mbao. Kwa hiyo tulihitaji chukudu ya kweli, inayobeba mzigo wa kweli.

Tulikwenda kwa seremala mmoja upande wa mbao, Gikomba. Tukamwonyesha picha. Akaigeuza simu juu chini. "Sasa hii ni ya watoto?" Tukamwambia inabeba magunia. Akacheka, akaita jirani aje acheke naye, halafu akaanza kupima.

Mbao ni ya mkaratusi, nene kama mkono, kwa sababu laini itapasuka kwenye uma wa mbele. Magurudumu yalikatwa kwa msumeno kutoka vipande vilivyogandishwa pamoja, yakasawazishwa kwa randa, kisha yakavikwa ukanda wa tairi kuukuu uliopigiliwa misumari kwa ubavu, si juu, maana msumari wa juu ukitokeza unakula barabara na barabara inaula. Beringi tulizitoa kwa wauza vyuma chakavu. Usukani ni mti mmoja uliopinda wenyewe, na seremala alichagua kwa muda mrefu kuliko alivyochagua kitu kingine chochote. Breki ni kipande cha tairi kilichoning'inia juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga. Mwisho kabisa mama wa kijana wetu, aliyekuja kukagua, aliuliza goti litakaa wapi. Anayeendesha chukudu kwenye tambarare anapiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Ubao mtupu utamchuna. Akavua ndara yake moja iliyokatika kamba, akaiweka pale, seremala akaipigilia.

Majaribio yalikuwa kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mto. Hamali wa kweli walikuja kutazama wakiwa wamekunja mikono. Magunia manne ya viazi, kijana wetu juu. Alipofika chini salama, mmoja wao hakupiga makofi wala nini. Aliizunguka, akainama, akaikanyaga ile breki mara mbili, akauliza: "Na kupanda?"

Kupanda unasukuma, kama mkokoteni tu. Akatingisha kichwa, lakini hakuondoka.

Ramadhani imeingia

Anayeigiza Mama Chapati ni mama wa Majengo, na amefunga. Onyesho la kula lililopangwa mchana limehamishwa hadi baada ya magharibi, hakuna aliyebisha. Kukanda na kuchoma kuliendelea mchana, na tatizo likaja kwenye chumvi. Mpishi hawezi kuonja. Msaidizi wake naye amefunga. Ikabidi watu wa kamera wajitolee kuonja, wakajitolea kwa moyo mkubwa mno, tukaanza onyesho na chapati chache kuliko zilizotakiwa na mswada. Mama akatuambia bila kupandisha sauti: "Wanangu, daftari liko hapa." Tunaliweka hilo kwenye filamu.

Futari tulikula wote palepale kwenye seti, tende, uji, kaimati na viazi karai, Wakristo na Waislamu kwenye mkeka mmoja. Mzee anayeigiza fundi viatu aliendelea kumgombeza mpiga taa kuhusu namna ya kukaa, na sijui kama alikuwa bado anaigiza.

Machi, mwanzo: sauti

Kikao cha ploti tumekipigia karibu na Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Macho yanapata kila kitu pale: masanduku ya chuma yaliyopangwa mpaka juu, majiko, makarai, moshi, jua likipenya kwenye mabati. Masikio nayo yanapata kila kitu. Nyundo haziachi. Fundi wetu wa sauti alijadiliana na mafundi watulie dakika chache kwa soda. Walikubali, wakatulia kweli, mpaka akatokea mteja wa sanduku la shule anayetaka kitasa kibadilishwe, na mteja ni mfalme.

Mwongozaji akaacha kupigana. Aliwapa waigizaji agizo moja: nyundo ikilia, subirini, ikinyamaza, semeni. Mara keateka akawa mtu ambaye kila akitaka kutoa hukumu nyundo inamkata. Tulipata teki tatu nzuri, na katika iliyo bora keateka anaishia kuinua kidole kuelekea kule nyundo inakolia, anasema "huyo naye ametoa maoni," na kikao kizima kinavunjika mbavu. Hilo halikuandikwa na mtu.

Yapo yasiyookoleka. Onyesho la usiku kati ya Bahati na mzee wa gitaa limeharibiwa na matatu iliyoegesha muziki wake nje ya ukuta. Tutarekodi upya maneno yake ndani.

Machi, katikati

Mvua. Ua wa ploti umejaa maji, vifaa viko juu ya vitanda vya watu. Tumesimama.

Machi, mwisho: msafara

Jua lilirudi kwa siku chache na tukaitumia nafasi hiyo kupiga mwisho wa filamu.

Namna ploti inavyomfikisha Bahati Shauri Moyo bila kusimamishwa njiani ilikuwa imetusumbua tangu mwanzo. Tulikuwa na rasimu ya kumficha ndani ya robota la mitumba, nyingine ya kumvika buibui. Zote zimeshatumika sana na zote zinamfanya kijana mzigo. Jibu lilitoka sokoni. Wakati wa majaribio ya chukudu nilimwona hamali mmoja akipita katikati ya askari wa kaunti, wanunuzi na wapiga porojo, anapiga kelele "nyuma! nyuma!", watu wanapisha, na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Mgongo unaonekana na gunia linaonekana, lakini sura yake hakuna aliyeichukua.

Basi ploti inajifanya inapeleka posa. Suti za mtumba zimekodiwa kwa saa mbili na mwenye kibanda anawafuata nyuma kuhakikisha hazichafuki. Akina mama wana leso. Mzee ana gitaa. Mbele ya wote, akiwa ametokwa jasho, anasukuma chukudu yenye unga, sukari, kreti za soda na blanketi, ni Bahati. Afande anawasimamisha. Anakagua kila mtu, anauliza bwana harusi ni nani, wanaume watatu wanainua mkono. Anayesukuma mzigo hamwangalii kabisa. Halafu anamwangalia. Mama Chapati anafungua mkoba taratibu, anatoa daftari, analifungua kwenye ukurasa wenyewe. Afande anasoma. Anasema, "Harusi njema." Mama anamjibu, "Utaletewa pilau. Hiyo haiandikwi."

Watu wa soko wasiojua kuwa ni filamu walijiunga na msafara na vigelegele. Wengine wameingia kwenye shoti na itabidi tuwatafute waridhie. Mmoja tumeshampata, alitaka kujua kama harusi itaendelea.

Aprili: muziki

Hatuwezi kuweka rekodi za zamani, haki zake ni safari nyingine na fedha nyingine. Lakini huwezi kutengeneza filamu ya Mkongo Nairobi ukapuuza kwamba Wakongo waliichezesha Nairobi hii miaka mingi kabla Bahati hajazaliwa. Mangelepa waliundwa hapahapa 1976, Samba Mapangala na Orchestra Virunga walifuata na kupiga hapahapa, na kuna wazee wetu waliooana kwa sababu ya nyimbo hizo. Ndiyo maana mzee wa gitaa yupo kwenye kisa: alifika akifuata bendi, bendi ikavunjika, yeye akabaki. Anamwambia Bahati, "Mimi pia nilikuja kwa wiki mbili."

Mpiga gitaa tuliyempata alitunga kipya. Alisikiliza kisa, akauliza swali moja tu, mtoto anafika au hafiki. Tulipomwambia anafika mlangoni, akasema basi sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu, isisikike mpaka msafara. Kabla ya hapo gitaa ni moja, linaanza, linasita. Kwenye msafara yanaingia matatu, solo, misolo na ridhimu, na ngoma zinakuja nyuma. Tulirekodi kwenye chumba kidogo River Road, magodoro ukutani, feni imezimwa ili isiingie kwenye maikrofoni. Alitoka ameloa, akaomba soda ya baridi na kopi ya picha ya chukudu.

Mei

Mkato wa kwanza ulikuwa dakika 58. Kulikuwa na mhusika mganga, tumemtoa kabisa, na alikuwa mzuri, lakini alikuwa filamu nyingine. Kikao cha pili kimeunganishwa na cha kwanza. Onyesho la simu halijaguswa hata sekunde, mhariri mwenyewe alikataa.

Ubishi mkubwa ni mwisho. Wawili kati yetu wanataka tuone Bahati amepata karatasi. Mimi na mwongozaji tumesimama mlangoni: msafara unafika, askari wa geti anashangaa mbona maharusi wamekuja ofisi ya wakimbizi, fundi viatu anaanza kueleza kwa niaba ya wote, Mama Chapati anamkatiza, keateka anamkatiza Mama Chapati, na Bahati anawaacha hapo wakigombana, anaingia peke yake akiwa na ripoti yake ya shule mkononi. Kusajiliwa ni mwanzo wa safari ndefu, mahojiano juu ya mahojiano, na tukionyesha muhuri tutakuwa tumewaambia watu uongo mtamu. Kujitokeza kwake tunaweza kuonyesha bila kudanganya. Kura zilikuwa nusu kwa nusu mpaka mamake kijana alipopiga yake.

Tuliwaonyesha watu wachache kwenye ukumbi Pumwani, viti vya plastiki, shuka ukutani. Wakongo walicheka mapema kuliko wengine, wakati mwingine Bahati hajamaliza sentensi. Hamali walicheka kwenye daftari la madeni na hawakucheka kwenye faini ya 500,000, ambayo sisi tulidhani ndiyo kubwa. Mmoja alisema hakuna mtu anayekaa Gikomba siku 26 bila kanjo, yaani askari wa kaunti, kumuuliza jambo, na ana haki. Tumepata picha za kanjo kwenye mabaki, zitaingizwa.

Dada mmoja wa nyuma aliuliza: angekuwa msichana wa miaka 16, ploti ingebishana hivyo hivyo kwa kicheko? Ukumbi ulinyamaza. Nilimjibu kuwa hapana, na kwamba ile ni filamu ambayo sisi hatujui kuitengeneza bila yeye. Amechukua namba yetu.

Juni

Yaliyobaki: kusawazisha rangi, hasa siku ile ya mvua iliyochanganyika na siku za jua. Maneno ya chini kwa Kifaransa, kwa sababu tunataka ionekane Goma pia, na mamake kijana ameshakataa toleo la kwanza la tafsiri. Uainishaji wa bodi, tunatumaini watu wote wataruhusiwa kuitazama. Ridhaa za watu wa msafara, bado tunawatafuta kibanda kwa kibanda.

Na chukudu. Tulimwachia seremala aihifadhi mpaka tutakapohitaji picha za tangazo. Wiki iliyopita nimekwenda kuichukua, haipo. Imekodiwa na yule hamali aliyeuliza habari ya kupanda, inatoa viazi sokoni kwa siku, na seremala ana maagizo mengine mawili. Nimemwambia ile ni mali ya filamu. Amenijibu nikae, nisubiri, inarudi saa kumi, na kama nina haraka kuna mkokoteni.